Konokono Asiyesubiri Mvua

Alhamisi. Jua la leo limetoka na hasira tangu asubuhi, na upepo wa vumbi unaifagia Msalato kama mtu aliyetumwa kazi akaambiwa asiache kitu. Mawingu hakuna, hata la kudanganyia. Roho yangu haikai mahali.

Shajara yangu, leo nimeshindwa.

Litunze vizuri neno hilo kwa maana hutalisikia tena kwangu. Mimi Yoeli niliyepanda mizabibu kwenye udongo ambao mabwana shamba walisema hautoi kitu ukatoa, mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na ndevu, kisomo cha watu wazima, nikawapita hata walioanza kabla yangu, leo nimeshindwa nyumbani kwangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mkwe wangu na mbele ya Hamisi. Mbele ya mkwe ningevumilia. Lakini Hamisi ni mwenye duka pale njia panda, na jambo likishaingia dukani kwa Hamisi limeingia Dodoma nzima. Ndiyo maana nimewahi hapa kwenye kibanda cha intaneti niibonyeze shajara hii mtandaoni mwenyewe, kwa kidole changu hiki kimoja, kabla yeye hajalipaka rangi.

Nianze mwanzo, maana wapo wanaonisoma wako mbali na hawamjui Nyemo.

Nyemo ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Eliya ambaye yuko Geita kwenye machimbo, tangu machimbo yalipofunguliwa vijana wote walikimbilia huko. Mama yake ni Roda, na Roda anakaa kwangu. Mtoto huyu alizaliwa mzima kabisa. Alianza kusema mapema kuliko watoto wote wa mtaa, na hapo sijisifu, damu ni damu. Pikipiki ikiwa bado iko mbali, wewe hujasikia kitu, yeye keshasema, "Babu, mgeni." Baada ya kuvuna zabibu akashikwa na homa, shingo ikakakamaa kama mpini, tukakimbia naye hospitali. Wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Akapona. Jumapili tukatoa shukrani kanisani, kina mama wakapiga ngoma mpaka vumbi likapanda.

Siku hiyohiyo ya shukrani nilisimama nyuma yake nikamwita. Hakugeuka.

Nilidhani amenuna. Nikamwita tena na tena. Aliendelea kuchezea pindo la kitenge cha mama yake.

Na miguu nayo ikawa si yake. Mtoto aliyekuwa anakimbizana na mbuzi akawa anatembea kama mtu anayetoka kilabuni, anashika ukuta, anashika nguo yangu, akigeuka haraka anaanguka. Watu walisema mengi, mengine siyaandiki hapa.

Mimi nilisema ni ngoma ya sikio imepasuka. Sikio nilikuwa nalijua, au nilidhani nalijua. Sisi wazee wa Kigogo tulitobolewa masikio tungali wadogo, tukayavuta, tukayavalisha, na mimi ndewe zangu mpaka leo zinaning'inia, wazungu wanaopita kununua mvinyo huomba kuzipiga picha. Nani angenifundisha sikio? Nikaagiza dawa ya kudondoshea, nikaagiza mafuta. Hospitali ya hapa wakachungulia wakasema ngoma nzima, haina hata mchubuko, nendeni Dar es Salaam.

Wiki iliyopita tukaenda, mimi, Roda na Nyemo.

Daktari wa huko ni binti mdogo tu, lakini alinipa shikamoo yangu vizuri, akanipa kiti, nikamsamehe udogo wake. Akachukua karatasi akachora. Akasema sikio hili tunaloliona ni kibaraza tu, mzee. Ukiingia ndani kuna ngoma. Nyuma ya ngoma kuna vijifupa vitatu vinapokezana mtikiso, hiki kinakigusa hiki, kama watu wanaopakua matofali kwenye lori. Na ndani zaidi, ndani ya mfupa mgumu kuliko yote ya kichwa, ndiko kwenye sikio lenyewe. Huko ndiko sauti inakogeuka kuwa sauti.

Akachora kitu kimejiviringa. "Hiki kinaitwa konokono," akasema. "Ni kidogo kama punje ya mbaazi. Kinajizungusha mara mbili na nusu. Ndani kina maji, na kwenye maji mna vinyweleo vingi vidogo sana. Sauti ikija inatikisa maji, maji yanatikisa vinyweleo, vinyweleo vinaamsha mshipa wa fahamu, mshipa unapeleka habari kwenye ubongo."

Pembeni ya konokono akachora pete tatu, zimelala kila moja upande wake. Hizo nazo zina maji. Akasema ndizo pima maji ya mwili, kama ile ya fundi wa nyumba, inakuambia umesimama wima au umeinama. Ugonjwa uliingia kotekote, kwa konokono na kwenye pete, ndiyo maana Nyemo anayumba.

Hapo nilishusha pumzi. Yale yote yaliyosemwa mtaani, kumbe ni maji ya pete tatu.

Homa ile, akasema, imeunguza vinyweleo vyote kama moto wa nyika. Havioti tena. Lakini ule mshipa wa fahamu wa nyuma uko hai. Sasa kuna uzi, mwembamba kuliko wa kushonea, una vituo vya umeme mdogo. Wanatoboa mfupa nyuma ya sikio, wanaupitisha uzi kwenye kidirisha cha konokono, unafuata mzunguko wake humo ndani, unafanya kazi ya vinyweleo. Nje mtoto anavaa kifaa kinachosikia badala yake na kuupelekea uzi habari. Wapo wafadhili wanaopeleka kundi la watoto India mwezi huu. Nafasi moja inaweza kuwa ya Nyemo.

Kisha akatundika picha za kichwa chake kwenye taa. Akasema, mzee, hapa cheupe ni mfupa, cheusi ni njia. Tazama kulia. Mlangoni kwa konokono pameanza kuwa peupe. Baada ya ugonjwa huu mwili unajiponya vibaya, unajaza mfupa mahali palipokuwa na maji. Kushoto bado kweusi, ila kweusi hakutakaa. Pakishajaa, uzi hauna pa kupita. "Nipeni jibu kabla ya Ijumaa kwisha," akasema. "Nafasi hii isipotumika nampa mtoto mwingine, na Nyemo hawezi kusubiri kundi lijalo."

Roda alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme ndiyo. Mimi nikamtangulia.

Maana konokono namjua mimi.

Nikamwambia, binti yangu, sikiliza. Kwetu Dodoma mvua ikikatika konokono anajichimbia chini, anauziba mlango wake kwa kitu cheupe, kigumu, kama chokaa. Ukimwona utasema amekufa. Anakaa hivyo kiangazi chote. Mvua ya kwanza ikipiga, kile cheupe kinalainika, anatoka na pembe zake anakwenda zake. Sasa huyu wa Nyemo ameziba kwa sababu ya joto la homa. Tumpe muda, mvua zije, mwili upoe, atafungua. Hakuna haja ya kumtoboa mtoto kichwa.

Yule binti kwanza alitabasamu. Kisha akaacha. "Mzee wangu, konokono ni jina tu, kwa ajili ya umbo. Huyu akishafunga amefunga."

"Wewe unamjua konokono wa kiangazi?"

"Mimi ni mtu wa Bukoba, mzee. Kwetu mvua haikatiki."

"Basi."

Nikasimama. Nilijiona nimemweza, shajara yangu. Daktari mzima nimemfunga kwa hoja moja! Njiani nilimweleza abiria wa kiti cha pili habari yote naye akasema kweli mzee, konokono ni hivyo. Roda alikaa dirishani, Nyemo amemlalia, akitazama nje kutoka Dar mpaka Dodoma.

Nikampigia Eliya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi niko mbali, wewe umeona kwa macho yako. Utakalosema ndilo." Nikafurahi kwamba nimelea mtoto mwenye adabu. Sikuuliza kwa nini sauti yake ilikuwa vile.

Basi ndivyo wiki ilivyokwenda. Nikawa napogoa mizabibu, nikipumzika natazama juu kutafuta wingu.

Leo asubuhi Roda aliniletea uji. Akapiga goti kama kawaida yake, akaweka bakuli. Akasema, "Baba, kesho ndiyo Ijumaa."

Hilo tu. Akarudi jikoni.

Uji ulinishinda. Nilitaka aniamini, si anitii tu. Mkwe akikutii huku hakuamini ni kama umekaa kwenye kiti kilichovunjika mguu, umekaa lakini hukai. Nikasema leo nitamwonyesha aone kwa macho, twende mbele kwa amani.

Nikachukua jembe nikaenda kwenye ua wa minyaa, upande wa kivuli. Nawajua wanapolala, tangu nachunga nawajua. Nikachimba, nikawatoa kadhaa, wazima, wakubwa kama ngumi ya mtoto, kila mmoja mlango umezibwa peupe. Nyemo alinifuata ameshika suruali yangu asianguke. Naye akaokota wake, pale juu kwenye mfereji uliokauka, akamkumbatia kama aliyepewa mwanasesere. Nikamwita Roda. Nikaweka beseni la maji ya vuguvugu uani, nikawapanga humo wote, na wa Nyemo pia kwa sababu alishikilia.

Tulipokuwa tumekaa tunasubiri, ndipo Hamisi akaingia. Anakuja kila akisikia kimya kwangu, anadhani kuna chakula.

"Hodi wenyewe! Yoeli, leo mnapika konokono? Mambo yamefika huku?"

"Kaa ujifunze, Hamisi. Haya hayauzwi dukani kwako."

"Mimi na konokono wapi na wapi. Nipe basi kiti, niwaangalie Wagogo wanavyofanya usayansi."

Nikamweleza. Akasikiliza, akanyonya meno, akasema hoja ina kichwa na miguu. Nikamtazama Roda aone kwamba hata watu wa mjini wanakubali.

Muda haukupita sana, mmoja akaanza. Kile cheupe kikapata ufa, kikalegea, kikaelea kama ganda la yai. Nyama yake ikasukuma nje polepole, kisha pembe, moja, na ya pili. Akaanza kupanda ukingo wa beseni. Nyemo akacheka.

Kicheko chake hakijabadilika. Maneno yanamtoka kidogokidogo kwa sababu hajisikii anapoyasema, "maji" imekuwa "ma", mimi niliyekuwa "babu" nimebaki "ba", na siku nyingine hata hiyo haiji, ananivuta tu mkono. Lakini kicheko ni kilekile cha kabla ya homa. Mwenyewe hakisikii. Tunakisikia sisi.

Akatoka wa pili, akatoka wa tatu. Hamisi akapiga makofi, akasema, "Profesa!" Nikamwambia Roda, "Umeona?" Akasema, "Nimeona, baba."

Basi ningeishia hapo. Mtu mwenye akili huondoka kwenye bao akiwa anaongoza. Lakini Nyemo alikuwa anangoja wa kwake.

Wa kwake hakutoka. Wenzake walikuwa wanatambaa uani, yeye amelala vilevile. Nyemo akamgusa kwa kidole, akanitazama. Nikaongeza maji. Nikasema huyu mvivu. Hamisi akasema, "Huyo amegoma, Yoeli, mpe nyongeza ya mshahara." Nyemo akamtoa majini akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole nimshike, kama kusema wewe unaweza, mfungue.

Nikachokonoa kwa ukucha. Hakukuwa na kifuniko. Ni udongo. Mwenyewe alishakufa zamani, mafuriko ya mwaka gani sijui yakajaza tope humo ndani, jua likalichoma likawa tofali. Nikachokonoa kwa kisu. Ncha ikateleza.

"Baba, naomba ruhusa niseme," Roda akasema.

"Sema."

"Hawa waliofungua wamefungua wenyewe kutoka ndani, kwa sababu wako hai. Huyu ndani hakuna mwenyewe. Hata mvua ikinyesha mwaka mzima, nani atafungua mlango?"

Nikaligeuza lile ganda kiganjani.

Akasema, "Daktari alinionyesha ule uzi, baba, ulipotoka nje kunywa maji. Naomba mgwisho wako."

Mgwisho wangu wa mkia wa ng'ombe hauguswi na mtu, Hamisi mwenyewe hajawahi kuugusa. Nikampa. Akachomoa unywele mmoja. Akaokota nyumba tupu ya konokono, moja ya zile nyeupe ambazo Nyemo huchezea uani, akapuliza vumbi, akaingiza ule unywele mlangoni. Ukaingia. Ukakata kona, tukaona kivuli chake kupitia ganda unajizungusha, unafuata njia, mpaka vidole vyake vikakaribia kugusa mlango. Unywele wote ulikuwa ndani.

Akachukua ile ya Nyemo kiganjani mwangu. Akasukuma unywele uleule. Ukakunjika mlangoni. Akaunyoosha kwa mate, akasukuma tena. Ukakunjika.

Hakusema "umeona." Ningekuwa mimi ningesema. Aliziweka tu zote mbili mbele yangu, yenye njia na yenye tofali, akarudisha mgwisho wangu kwa mikono miwili.

Na Hamisi hakutania. Hamisi! Alitazama chini akavua kofia yake akaivaa tena.

Nikakaa nimeishika ile iliyojaa. Nikakumbuka picha kwenye taa, cheupe mlangoni, upande wa kulia. Na kushoto kweusi, njia bado, kungali na maji. Leo kungali. Mimi nilikuwa nataka kukaa hapa natazama mawingu mpaka kushoto nako kuwe tofali, kisha niwapeleke, kisha madaktari wa India wasukume uzi wao na uzi ukunjike.

Nitasema ukweli wote, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Hoja ya konokono nilianza kuiamini baadaye. Kwanza niliogopa.

Daktari aliposema watatoboa mfupa nyuma ya sikio, masikio yangu yaliziba. Mtoto huyu homa ilitaka kumchukua mzimamzima ikaishia kuchukua nusu. Imetuachia kicheko. Nilijiambia, wakifungua kichwa wasije wakakigusa na hicho. Akienda anacheka akarudi hacheki, nitakaa na nani? Sasa mzee kama mimi atamwambiaje binti wa umri ule kwamba anaogopa? Konokono akanipa njia ya kusema hapana bila kutetemeka. Nikaishika.

Na Roda naye anaogopa. Anaogopa kuliko mimi, ni mama. Lakini hofu yake anatembea nayo. Mimi yangu niliikalia.

Nikamwambia, "Mama Nyemo, funga mizigo. Kesho mnapanda basi la kwanza."

Akasema, "Ndiyo, baba." Halafu akakaa chini palepale vumbini. Nyemo akaenda akamwekea konokono hai kwenye paja. Roda akalia na kucheka pamoja. Hamisi akaaga, akasema ana mteja, na hakuna mteja yeyote aliyekuwa njiani, nilitazama.

Nikampigia Eliya. Nikasema nimebadilisha uamuzi, kesho wanakwenda. Akasema, "Asante, baba." Sauti yake ikawa ile ninayoijua.

Nikampigia daktari. Nikajitayarisha kusimangwa.

"Shikamoo mzee. Mmeamuaje?"

"Marahaba. Wanakuja. Kesho wako njiani."

Hakunisimanga. Alisema asante, akasema mara mbili. Akanieleza tena taratibu, nami safari hii nikasikiliza. Akasema hawezi kuniahidi. Picha ni picha, wakifungua wanaweza kukuta na kushoto pamepungua njia, uzi ukaingia nusu. Kulia huenda pasiwezekane kabisa. Nyemo hatasikia kama zamani. Siku watakayowasha kifaa anaweza hata kulia, maana sauti zitakuwa kama redio iliyokosa stesheni, na itabidi afundishwe, miezi, labda miaka, sisi wote tukimsemesha bila kuchoka. Ile pima maji pia hairudi, ila atajifunza kusimama kwa macho na kwa miguu, ameshaanza. Wakati huu nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo.

Alipotaka kuaga nikamzuia. Nikamuuliza neno ambalo sikulipanga. Nikamuuliza, "Je, mimi atanisikia?"

Akasema, mzee, ndani ya konokono kila sauti ina mahali pake. Sauti nyembamba, za ndege, za watoto, za kina mama, zinakaa karibu na mlango. Kadiri unavyoingia ndani sauti zinazidi kuwa nene. Zile nene kabisa zinakaa kileleni, mwisho wa mzunguko, na uzi mara nyingi haufiki huko. Sauti nene atazisikia, lakini zitamfikia kwa kupitia mahali pa nyingine, kwa hiyo mwanzoni zitakuwa ngeni kwake. Ubongo wa mtoto huzoea. "Mwanzoni mseme polepole, karibu, na kwa sauti ya juu kidogo," akasema. "Siyo kupiga kelele, mzee. Ya juu, nyembamba."

Sasa mimi, kwa wasionijua, sauti yangu ndiyo inayoshika besi kanisani. Wengine wanaimba, mimi nashikilia nyumba isianguke. Mchungaji aliwahi kusema nikikohoa mabenchi yanaitika. Nimejivunia sauti hii kuliko mizabibu. Kumbe makazi yake ni kule mwisho kabisa wa konokono ambako uzi haufiki.

Sikumwambia Roda habari hiyo. Ana mizigo ya kufunga.

Mchana, kabla ya kuja huku kibandani, nilikwenda kwenye mizabibu yangu, mistari ya nyuma ambako hakuna mtu. Nikasimama katikati. Nikatazama huku na huku. Nikasema, "Nyemo," kwa sauti nyembamba.

Ilitoka kama beberu aliyekabwa.

Nikakohoa, nikajaribu tena. Nikalegeza koo kama nionavyo kina mama wakianzisha wimbo. "Nyemo." Afadhali. Nikajaribu tena, nikasogea mstari mwingine nikajaribu tena, mpaka ndege wakaruka kwenye waya. Mzee mzima, ndewe zinaning'inia, ninaita kwa sauti ya binti kwenye shamba tupu. Hamisi angeniona angefunga duka azunguke kutangaza.

Nitaendelea kila siku mpaka warudi. Kichwa changu ni kigumu, watu wote wanasema, basi kitumike kwa hilo.

Kuna jambo moja tu linanisumbua, na yule daktari sikumuuliza. Siku watakayorudi, nikisimama nyuma ya Nyemo nikamwita hivyo, kwa sauti ambayo si yangu, na yeye akageuka, atajua ni mimi?